Miraba Laki Nne na Themanini

Usiku wa kwanza nililichora ziwa kijinga.
Nililikata miraba mia sita kwa mia nane,
kila mraba nikaupa pembe zake nne,
mpaka wake, rangi yake, nafasi yake kwenye kumbukumbu,
nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai.
Chai ikachemka. Ikanyweka.
Ghuba ya Mwanza ilikuwa bado nyeupe kwenye skrini
kama sahani ya mgeni aliyechelewa,
na feni ya kompyuta ikilia
kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi.

Saa kumi na moja alfajiri picha ikaja.
Nyekundu kwenye joto, buluu kwenye ubaridi,
na pale Luchelele doa la zambarau:
maji ya kilindini yamepanda, maji yasiyo na pumzi.
Nikampigia Kwilasa.
"Nimeshaona, ndugu yangu. Wameelea."
Vizimba vitatu vya sato, matumbo juu,
na picha yangu nzuri, yenye kipimo cha rangi pembeni,
imefika matanga yameshaanuliwa.

Wiki nzima nilishinda kwenye maktaba,
si ile ya vitabu, ile ya msimbo,
ambayo mkutubi wake hasemi ila umekosea,
na husema kwa wino mwekundu.

Jumapili nikaenda Igombe kwa shangazi Nkwimba.
Nikamkuta anaanika.
Beseni kiunoni, mguu mmoja mbele,
akazungusha bega, shwaa!
dagaa wakaruka kama karatasi moja ya fedha
wakatua juu ya nyavu, sawasawa.
"Shangazi, huwapangi?"
Akanitazama kama aliyeulizwa iwapo maji yanalowesha.
"Nani aanike dagaa mmoja mmoja?
Jua litamsubiri?"

Nikarudi mjini na harufu yao kwenye shati.
Nikafuta pembe zote.
Miraba ni sawa, upana mmoja, urefu mmoja,
ya nini kuutangaza kila mmoja unaanzia wapi?
Iambie mashine kona mbili za ziwa,
katikati itajijazia.
Namba kuwa rangi kwa jedwali moja,
rangi kuwa picha kwa mtupo mmoja.
Nikabonyeza, nikainuka niende jikoni.
Sikufika mlangoni.

Wahenga walisema haraka haina baraka.
Hawakufuga sato.

Lakini upesi nao una bei, sitaificha.
Beseni hutupwa penye uwanja sawa,
na ziwa letu halikukatwa kwa rula.
Kuna majabali ya Nyegezi, yameinama kama ng'ombe wanaokunywa,
kuna vighuba vyembamba kuliko mraba wangu,
na mashine, kwa kupenda usawa,
huchanganya mwamba na maji, ikagawa kwa mbili,
ikapaka rangi ya kitu ambacho hakipo.
Basi kandokando nachora polepole, pembe kwa pembe.
Huko katikati natupa.

Mawingu yakiketi juu ya Ukerewe
setelaiti haioni, miraba hubaki mitupu.
Mkuu wangu, Bwana Magesa, akasema: jaza sifuri,
matundu yanatia aibu kwenye ripoti.
Nikakataa. Sifuri ina rangi,
zambarau iliyokolea kuliko zote,
nitawaamsha watu bure.
Kutojua hakuna rangi.
Pabaki peupe.

Jana, saa tisa na robo usiku,
zambarau ikaanza kutambaa kutoka kusini.
Kwilasa hakupokea. Nikapiga tena.
Akapokea bila salamu; nikasikia kasia,
kisha pampu ikikohoa, ikikohoa, ikishika,
na mapovu.
Hakukata simu. Nami sikukata.
Kila maboya yalipotuma namba nikachora upya,
ziwa juu ya ziwa.
Mraba wake ni wa mia tatu na kumi na mbili, safu ya arobaini.
Ukiuwekea kidole gumba
unaufunika pamoja na majirani zake wanane.

Nikainua kidole, nitazame.